Nachora gari dogo la mjini la viti viwili kwa mazingira ya Kigoma: vipimo hivi vinawezekana?

Mchoraji_Mwanga

Wakuu, habari zenu. Nipo hapa Kigoma mjini, nachora gari dogo la umeme la watu wawili. Ni kielelezo cha maonyesho, lakini nataka kitembee, kisiwe picha ya kuning'iniza ukutani. Kazi yake ni kushuka kutoka Mwanga hadi stesheni na bandarini, kwenda Ujiji na kurudi, kufika Kibirizi, likiwa na watu wawili na madumu manne ya mawese ya lita 20.

Vipimo nilivyonavyo: urefu mm 2,580, upana mm 1,300, kimo mm 1,600, kutoka ekseli hadi ekseli mm 1,800, na uwazi chini ya gari mm 180. Tairi ni 145 R12 za kirikuu (pikapu ndogo ya Kijapani) kwa sababu zinapatikana. Betri imelala chini ya sakafu, mota ni ya kW 3 kama za bajaji za umeme, volti 48. Paa lote ni kioo. Nimelenga ligeuke ndani ya nusu kipenyo cha mita 3.

Sura ya nje nimeimaliza pande zote nne. Nilipoanza kupanga ndani ndipo mambo yakagongana: nikishusha paa kichwa kinagusa, nikisogeza kiti nyuma madumu hayaingii. Nianzie wapi kurekebisha, na kipi hapo hakiwezekani kabisa?

FundiChasisi

Mkuu, michoro ya nje iweke kando kwanza. Gari la mita mbili na nusu linachorwa kuanzia mtu aliyeketi kwenda nje, vinginevyo utakuwa unafuta kila siku.

Weka nukta ya nyonga ya dereva kwenye karatasi, yaani pale paja linapoungana na kiwiliwili akiwa ameketi. Kisha jenga kimo kuanzia chini: ardhi hadi tumbo la gari 180, unene wa sakafu 60, sakafu hadi nyonga 350, nyonga hadi dari 900, paa 40. Jumla mm 1,530. Hiyo 900 inamtosha mtu mrefu mgongo ukiwa umelala kama digrii 20, na inabaki nafasi ya kuruka kidogo kwenye matuta. Ukiulaza mgongo zaidi utapunguza kimo, lakini utakula urefu, na urefu ndio huna. Angalia pia kwamba nyonga imekaa mm 590 kutoka ardhini. Mzee, au mama aliyefunga kitenge, anaingia kwa kukaa tu, hajikunji wala hapandi.

Urefu sasa, kuanzia mbele: bampa hadi kisigino cha dereva 700, kisigino hadi nyonga 800, nyonga hadi mgongo wa kiti kwa nyuma 450, sehemu ya mzigo 550, ukuta na bampa ya nyuma 80. Inakuja 2,580 kamili. Madumu manne yakipangwa mawili kwa mawili yanataka kama sm 60 kwa upana na sm 55 kwa kina. Yanaingia, ila kiti kisisogee nyuma hata sm 3 zaidi ya hapo. Dereva mrefu akihitaji nafasi, sogeza pedali, kiti kibaki palepale.

Shida yako kubwa ni upana, na inaanzia miguuni. Ekseli ya mbele iko mm 420 kutoka bampa, maana yake miguu ya watu wote wawili imekaa katikati ya tairi za mbele. Tairi ya mm 540 ikikatwa digrii 35, kona yake ya nyuma inaingia ndani kama mm 215 kutoka katikati ya tairi. Ongeza mm 30 za uwazi na bati la kizingio, 245 kila upande. Gari la upana wa 1,300 litakuwa na umbali wa tairi hadi tairi kama 1,150, kwa hiyo miguu minne inagawana mm 660. Pedali mbili na pa kuegemeza mguu wa kushoto vinataka karibu 380 kwa dereva peke yake. Abiria anabakiwa na 280. Hiyo haikaliki.

Panua hadi 1,400. Umbali wa tairi unakuwa 1,250 na miguu inapata 760, nusu kwa nusu.

Kuhusu kugeuka, nusu kipenyo cha mita 3 sahau. Kwa ekseli za 1,800 na tairi za 1,250, tairi ya ndani ingelazimika kukatwa karibu digrii 57. Ukiikata 35 unapata mita 4.2. Ukiikata 42 unapata mita 3.7 na unapoteza mm 40 tu za miguu. Mota yako ikiwa nyuma, mbele hakuna ekseli za kuzungusha tairi, hivyo 42 inafikika. Kinachobaki kuangalia ni boli jointi na hosi ya breki zisivutwe tairi ikikatwa mwisho. Kwa kulinganisha, Toyota iQ ya mwaka 2008 yenye mm 2,985 inageuka kwa mita 3.9, na ili wafike kwenye urefu ule walihamisha difu (gia inayogawa nguvu kwa tairi za kushoto na kulia) mbele ya injini na kutengeneza tangi bapa la mafuta chini ya sakafu. Mita 3.7 siyo ya kuonea aibu.

Mwisho ni kupinduka. Gawanya umbali wa tairi kwa mara mbili ya kimo cha kitovu cha uzito. Gari lako likijaa, kitovu kitakuwa karibu mm 580. Tairi za 1,150 zinakupa 0.99, za 1,250 zinakupa 1.08. Ukishuka chini ya 1 gari halisubiri kuteleza. Likikata kona na tairi ikagonga ukingo wa mtaro, linalala.

Volti72

FundiChasisi kamaliza ya mwili, mimi nizungumzie mlima.

Kabla ya kuchagua mota, pima barabara. Chukua ubao ulionyooka wa mita 2 na pima maji. Laza ubao barabarani kuelekea juu, nyanyua ncha ya chini mpaka povu likae katikati, kisha pima pengo kati ya ncha hiyo na lami. Pengo la sm 30 ni mwinuko wa asilimia 15. Sm 40 ni asilimia 20. Fanya hivyo sehemu kali kuliko zote kati ya stesheni na Mwanga, na usisahau vichochoro vya vumbi vinavyotoka barabara kuu, maana huko ndiko kwenye mwinuko wa kweli.

Chukua gari kilo 430, watu wawili 150, mawese karibu 75. Tuseme 650. Mwinuko wa asilimia 15 pamoja na ukinzani wa tairi unataka nguvu ya niutoni 1,070 hivi. Kwenda kilomita 25 kwa saa hapo, tairi zinahitaji kW 7.4, na mota itoe kama 8.7 kwa sababu gia na nyaya zinakula. Mota yako ya kW 3 itapanda kwa kilomita 8 au 9 kwa saa, halafu itachemka kabla hujafika juu. Hakuna kontrola (kifaa kinachodhibiti umeme wa mota) itakayokuokoa hapo.

Tafuta mota ya kW 7.5 za mfululizo inayoweza kutoa 12 kwa dakika mbili tatu. Kuondoka kutoka kusimama kwenye asilimia 20 kunataka niutoni mita 358 kwenye tairi. Kwa gia ya 10:1 mota itoe karibu 39, lakini ukitaka kilomita 60 kwa saa itazunguka mara 6,100 kwa dakika. Kwa 8:1 inatosha mizunguko 4,900, ila itoe 48. Mimi ningechukua 10:1. Mjini Kigoma kilomita 55 kwa saa zinatosha, ila kukwama katikati ya mlima na lori likiwa nyuma yako ni jambo lingine.

Volti 48 achana nazo. Hizo kW 8.7 kwa volti 51 ni ampea 170; kwa seli 24 za LFP, aina ya betri ya lithiamu (volti 76.8), ni ampea 113. Joto kwenye nyaya linapungua zaidi ya nusu. Tumia kebo ya mm za mraba 35, na fyuzi ya ampea 200 ya umeme wa DC iwe karibu kabisa na betri. Fyuzi za majumbani za AC hazizimi cheche ya DC, na hapo ndipo moto unapoanzia.

Seli 24 za Ah 105 zinakupa kWh 8. Ukihesabu Wh 80 kwa kilomita pamoja na milima na kusimamasimama, na ukitumia asilimia 80 tu ya betri, unapata kilomita 80. Seli nyingi za ukubwa huo zina kimo cha karibu mm 200, kwa hiyo chini ya sakafu ya mm 60 haziingii. Zisimamishe kwenye kasha chini ya viti viwili. Hiyo 350 aliyokupa FundiChasisi kutoka sakafu hadi nyonga inatosha kasha pamoja na mto usio mnene. Bana seli kwa bamba za alumini mwisho na mwisho ili zisivimbe, na toboa tundu la kutoa maji kwenye sakafu, lisiwe kwenye kasha.

Jambo moja watu hulisahau, na kwa Mwanga ndilo lenye uzito. Ukichaji usiku hadi asilimia 100 kisha asubuhi ukaanza safari kwa kushuka, betri haina pa kuweka umeme unaorudi. Kontrola inakata breki ya mota ghafla na gari linasonga mbele wakati wewe umezoea likijishika lenyewe. Weka BMS (kifaa kinacholinda betri na kusimamia uchaji) isimamishe chaji kwenye asilimia 90, na pima breki za mafuta kana kwamba ya mota haipo. Kila mita 100 za kushuka zina karibu Wh 177 zinazotakiwa kuishia mahali, kama siyo kwenye betri basi kwenye breki.

Mjusi_wa_Gungu

Nunua kirikuu used, toa injini, weka mota. Mambo yaishe.

KalamuNaTepu

Kaka, kirikuu ni gari la kei, yaani daraja la magari madogo kabisa ya Japani: sheria ya huko inaruhusu mpaka mita 3.4 kwa urefu na mita 1.48 kwa upana. Anachora gari fupi kuliko hilo kwa karibu sm 80. Kirikuu achukue vipuri.

Na kipuri cha kwanza cha kuchukua ni kioo cha mbele. Mchoraji, kioo hicho lazima kiwe cha tabaka mbili zenye plastiki katikati, na chenye mkunjo hutakipinda kwenye karakana. Polikaboneti inakwaruzwa na waipa na vumbi ndani ya msimu mmoja, usiku taa za mbele yako zinakuwa ukungu mtupu. Nenda na futi kwenye maduka ya vipuri, pima kioo cha kirikuu na cha magari mengine madogo ya Kijapani, chagua kimoja, kisha jenga nguzo za mbele kukizunguka. Mabishano ya 1,300 au 1,400 yatakwisha hapohapo, kwa sababu kioo ndicho kitakachokuamulia upana wa juu.

Paa la kioo litoe. Kigoma ipo karibu digrii 5 kusini mwa ikweta. Machi na Oktoba jua la mchana linakuwa juu ya utosi. Mita ya mraba 1.2 ya kioo cha mm 5 ni kilo 15, na zimekaa mahali pabaya kuliko pote, juu kabisa, wakati FundiChasisi anahangaika kukushushia kitovu cha uzito. Weka bati au faibaglasi nyeupe yenye povu la mm 20 ndani. Najua kwenye michoro kioo kinapendeza. Ukitaka paa lifanye kazi, sola ya W 240 inaweza kukurudishia kilomita 10 hivi kwa siku ya jua. Siyo nyingi, lakini gari likishinda juani linapata chochote kuliko kuchemsha watu.

Milango: igeni mbinu ya Citroën Ami ya 2020. Mlango mmoja unatumika pande zote mbili, upande mmoja bawaba ziko mbele, wa pili ziko nyuma. Unatengeneza umbo moja badala ya mawili, na nusu ya kazi ya faibaglasi imeondoka. Mlango wenye bawaba nyuma uwekee kufuli ya hatua mbili, maana ukifunguka gari likitembea upepo unaubeba wote.

Kuhusu sura, tairi za 540 kwenye kimo cha 1,530 siyo ndogo, ni zaidi ya theluthi. Zisogeze zikae sawa na ubavu wa bodi, usiziache ndani kama za kigari cha mtoto. Ukanda wa madirisha ushuke kuelekea mbele ili dereva aone ukingo wa mtaro. Gari fupi lenye madirisha ya juu linaonekana kama boksi hata ukilipaka rangi gani.

Halafu kabla ya kuchomelea chochote, chora ubavu wa gari kwa ukubwa wake halisi ukutani kwa tepu nyeusi ya umeme. Tepu inapinda vizuri, ukikosea unabandua. Simama mita 8 nyuma uutazame. Baada ya hapo tengeneza kibanda cha mbao za 2 kwa 2 na plaiwudi: sakafu, kiti, pedali, usukani, fremu ya mlango na kingo za kioo. Waite watu warefu, wafupi, wanene, wenye mtoto mgongoni, waingie na kutoka. Kila anaposhika mkono au kugonga goti, weka alama ya chaki. Alama hizo zina maana kuliko mchoro wa kompyuta.

Mchoraji_Mwanga

Nawashukuru sana. 1,400 nimekubali kwa shingo upande, maana nilitaka lipite pale soko la Mwanga bajaji zinapopita. Maswali mawili: fremu na bodi nitumie nini ili nibaki kwenye kilo 430? Na breki, za bajaji zinafaa?

Ngambo_Tbr

Nakujibu la kwanza kutoka Tabora, ambako milima hatuna ila vumbi tunalo la kukugawia.

Fremu kuu, bomba mraba 40×40 la unene wa mm 2, lina kilo 2.4 kwa mita. Ukitumia mita 22 ni kilo 53. Fremu ya juu na ya milango, 25×25 la mm 1.5, kilo 1.1 kwa mita, mita 18 ni kilo 20. Usichukue bomba za mabati yaliyopakwa zinki: moshi wake unaumiza na weldi inajaa vitundu. Bomba la 1.5 ukilichoma kwa fimbo ya mm 2.5 unatoboa tu. Tumia fimbo ya mm 2.0, au mashine ya MIG (inayochomelea kwa waya badala ya fimbo) ya waya wa 0.8. Shika fremu nzima kwa nukta kwanza, pima mshazari kona kwa kona, tofauti isizidi mm 3, ndipo uchomelee kwa kubadilisha pande. Ukimaliza upande mmoja wote kwanza, fremu inajikunja, na mlango uliotengenezwa kwa umbo moja pande zote hautafunga upande wa pili.

Bodi ya mita za mraba 9 kwa faibaglasi: tabaka la mati (nyuzi za kioo zilizotandazwa kama kitambaa) ya gramu 300 kwa mita ya mraba nje na la gramu 450 ndani. Ni kilo 6.75 za mati na kama kilo 17 za rezini, ukifuata rezini mara mbili na nusu ya uzito wa mati. Fundi anayemwaga rezini mpaka ing'ae anakuongezea kilo 10 zisizo na nguvu yoyote. Kigumishi weka asilimia 1 siku ya joto, 1.5 kukiwa na baridi. Rezini yako ikiwa haijawekewa kobalti (dawa ya kuharakisha ukaukaji), kobalti inatangulia kuchanganywa kwenye rezini peke yake. Kobalti na kigumishi vikikutana moja kwa moja vinalipuka. Masika mati inanyonya unyevu, inabaki na madoa meupe na tabaka haziungani. Iweke ndani, ndani ya nailoni, mpaka saa ya kutumia.

Mpira wa mlango uwe wa bomba lenye uwazi ndani, siyo sponji bapa. Sponji inashiba vumbi jekundu na baada ya hapo inakwaruza rangi.

FundiChasisi

Breki za bajaji hapana. Chukua mbele yote ya kirikuu: nakozi (kishikio cha habu kinachogeuka na usukani), habu, diski na kalipa. Matoleo ya kirikuu hayafanani matundu ya nati, kwa hiyo nunua habu na rimu za gari moja. Nyuma diramu, silinda kuu yenye njia mbili ili moja ikivuja nyingine ishike. Kirikuu ni kizito kuliko hiki, basi nyuma zitakamata mapema mno na kufunga tairi. Weka vali ya kupunguza mgandamizo wa nyuma na uirekebishe gari likiwa tupu, siyo limejaa.

Breki ya mkono ndiyo wengi wanafeli. Kushika kilo 650 kwenye asilimia 20 kunataka niutoni mita 325, yaani 163 kila tairi ya nyuma. Jaribu hivi: madumu manne yamejaa, watu wawili ndani, gari limesimama sehemu kali uliyoipima kwa ubao, gia haishiki, mguu hauko kwenye breki, na mtu ameshika kigingi karibu na tairi. Chora mstari mmoja wa chaki unaoanzia kwenye tairi hadi kwenye lami, subiri dakika 15. Kisha geuza gari litazame chini urudie, maana likitazama chini uzito unahamia mbele na tairi za nyuma zinakuwa nyepesi. Mstari ukiachana, kaza kebo. Ukiwa umeshakaza na bado unaachana, fungua diramu: viatu vikiwa vinang'aa vimeshachemka, visugue kwa msasa wa 80 au weka vipya.